Moyo Kupanuka: Neno Moja, Dhana Mbili

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazomtatiza mfasiri bila yeye mwenyewe kutambua, "moyo kupanuka" ina nafasi ya pekee. Ni usemi wa Kiswahili fasaha, unaeleweka na kila mtu, nao hutumika hospitalini na katika vijitabu vya afya. Kasoro yake ni kwamba umebebeshwa dhana mbili ambazo daktari huzitenganisha, kwa kuwa asili zake ni mbali mbali. Makala haya yanakusudia kueleza yale yatendekayo ndani ya seli za moyo ulio mgonjwa, ili mwenye kutafsiri au kufundisha ajue ni kitu gani hasa anakipa jina.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba seli za misuli ya moyo karibu haziongezeki baada ya utoto. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walipima kaboni ya mnururisho iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakadiria kwamba kijana wa miaka 25 hufanya upya kiasi cha asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na kwamba kiwango hicho hupungua kadiri umri unavyosogea. Hivyo basi, moyo uliozidiwa na kazi hauwezi kuajiri wafanyakazi wapya. Hao hao waliopo ndio hulazimika kukua.

Namna ya kukua ndiyo inayotofautiana. Ndani ya seli ya misuli mna nyuzi zilizogawanyika katika vipande vifupi vyenye kujikunja na kujinyosha. Vipande hivyo twaweza kuviita pingili, kwa mfano wa pingili za muwa. Mtu akiwa na shinikizo la juu la damu kwa muda mrefu, seli huongeza pingili ubavu kwa ubavu, kama miwa inayofungwa mzigo mmoja. Seli hunenepa, ukuta wa moyo huwa mnene, na chumba cha ndani huenda kisiongezeke hata kidogo. Lakini vali ikivuja, kama itokeavyo mara nyingi kwa walioathiriwa na homa ya baridi yabisi utotoni, moyo hupokea damu nyingi kupita kiasi. Hapo pingili huongezwa mwisho kwa mwanzo, seli hurefuka, na chumba hutanuka. Hali zote mbili zaitwa "moyo kupanuka", ingawa katika ile ya kwanza hakuna kilichopanuka. Kwa maoni yangu, kitenzi hiki kiachiwe vyumba peke yake, na ile nyingine iitwe "unene wa kuta za moyo". "Kunenepa kwa moyo" hakufai katika maandishi ya umma, kwani msomaji atadhani moyo umejaa mafuta.

Mvutano wa ukuta na homoni za mwili, hasa anjiotensini na adrenalini, hugusa vipokezi vilivyo juu ya seli. Ujumbe hupita kutoka protini hadi protini mpaka kwenye kiini, na huko jeni kadhaa huwashwa au kuzimwa. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya jeni zinazoamshwa ni zile zilizofanya kazi kwa wingi wakati wa kijusi. Katika panya, maiosini ya mwendo wa kasi huipisha ile ya mwendo wa polepole. Kwa binadamu mzima hii ya polepole ndiyo iliyo nyingi tangu awali, na ile kidogo ya kasi aliyo nayo hupungua zaidi. Hata chakula cha seli hubadilika: moyo wa mtu mzima hutegemea zaidi asidi za mafuta, bali ulio mgonjwa huelekea tena kwenye glukosi, kama ule wa mtoto aliye tumboni.

Katika jeni hizo zimo za homoni mbili ambazo historia ya majina yake inawahusu sana wasomaji wa jarida hili. Mwaka 1981, nchini Kanada, Adolfo de Bold na wenzake waliwadunga panya maji yaliyotengenezwa kutokana na vyumba vya juu vya moyo, na panya wakakojoa maji na chumvi kwa wingi. Mwaka 1988 Wajapani wakatenga homoni ya jamii hiyo kutoka ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo. Baadaye ilibainika kwamba mtengenezaji wake mkuu ni vyumba vya chini vya moyo, nacho ndicho kipimo cha damu cha kutambulia moyo ulioshindwa. Jina halikubadilishwa. Mfasiri atakayeandika "homoni ya ubongo" atakuwa mwaminifu kwa neno, na mgonjwa atauliza kwa nini anapimwa kichwa.

Liko pia suala la kovu. Seli za tishu unganishi hutoa kolajeni kwa wingi, na ukuta hukakamaa. "Kovu" lafaa kwa mahali palipokufa misuli baada ya mshipa kuziba. Kolajeni iliyotapakaa kati ya seli zilizo hai ni afadhali iitwe "ukakamaaji wa ukuta".

Mabadiliko haya yote kwa pamoja yahitaji jina moja. Wako wanaopendekeza "ukarabati wa moyo", lakini kinachokarabatiwa huwa bora kuliko kilivyokuwa, na hapa mambo huenda kinyume. "Ugeukaji umbo" una faida nyingine. Mwaka 1987 jaribio lililofanyika Skandinavia lilionyesha kwamba enalapril, dawa inayozuia kutengenezwa kwa anjiotensini ya pili, hupunguza vifo vya wenye moyo ulioshindwa vibaya. Na baada ya hapo ikaonekana kwamba kwa tiba ya namna hii chumba kilichotanuka huweza kupungua tena kwa kiasi. Hali hiyo nayo yataka jina, na "urejeaji umbo" unapatikana bila shida.