Mtumba, Kamera na Fagia: Mavazi Nafuu ya Wanaume katika Soko la Rongai

Mwanafunzi wa ualimu anapopangiwa shule ya kufanyia mazoezi ya kufundisha, hitaji lake la kwanza mara nyingi si kitabu wala chaki. Ni suruali ya kitambaa, mashati mawili matatu yenye kola, tai na viatu vya ngozi. Mwalimu mkuu humtazama kabla ya kumsikiliza, na darasa zima humkagua kuanzia kola hadi kisigino. Kwa kijana aliyelelewa na vibarua wa mashamba, vitu hivyo vikinunuliwa vipya dukani vyaweza kumeza pesa za chakula cha muhula. Makala haya yanaeleza jinsi mahitaji hayo yanavyotimizwa kwa bei nafuu mjini Rongai, na jinsi msamiati wa biashara hiyo unavyobeba maarifa ambayo mnunuzi asiyekuwa nayo hulipa mara mbili.

Rongai inayozungumziwa hapa si Ongata Rongai ya Kajiado, iliyo jirani na Nairobi. Ni mji mdogo wa kaunti ya Nakuru, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, uliokua kandokando ya reli iliyojengwa kuelekea Uasin Gishu na Uganda katika miaka ya 1920. Mashamba ya mahindi na mkonge yameuzunguka. Chuo Kikuu cha Kabarak kimo katika eneo bunge hilohilo la Rongai, na Salgaa, kituo mashuhuri cha madereva wa malori, kiko kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Waturkana na wengineo hukutana sokoni, na bei hupatanwa kwa Kiswahili.

Neno mtumba ni kongwe kuliko biashara linayoitaja leo. Katika karne ya 19, misafara ilipotoka pwani kuelekea bara, mtumba ulikuwa bunda la nguo lililokazwa kamba ili mpagazi mmoja aweze kulibeba. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vipya: kaniki iliyotiwa nili, na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopewa jina la nchi kilikofumwa. Mtumba basi ulitaja namna ya kufunga, si hali ya kilichofungwa. Mwishoni mwa karne ya 20 maana ilikuwa imehama kutoka kwenye kifungashio hadi kwenye kilichomo. Leo mtu hushika shati moja mkononi akaliita mtumba ingawa halijafungwa na chochote, na wapo wanaosema gari la mtumba na simu ya mtumba. Uhamaji wa aina hii wanasemantiki huueleza kwa dhana ya taashira, na ni vigumu kupata mfano wa kufundishia ulio karibu zaidi na mwili wa mwanafunzi.

Majirani wameichukua biashara hiyohiyo kwa majina mengine. Watanzania wakati fulani waliziita nguo hizo kafa Ulaya, kana kwamba kila koti lilivuliwa maiti. Jina hilo lilibeba aibu ambayo mtumba hauna. Nchini Zambia zinaitwa salaula, neno la Kibemba linalotaja tendo la kupekua rundo ili kuchagua. Rwanda na Burundi zinaitwa caguwa, na mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji msaada kutambua kwamba hilo ni chagua letu lililovalishwa tahajia ya Kinyarwanda na Kirundi. Mwito wa mchuuzi umegeuka kuwa jina la bidhaa.

Haikuwa hivi siku zote. Kenya ilikuwa na viwanda vya nguo vyenye sifa, kama vile Rivatex cha Eldoret na KICOMI cha Kisumu. Soko lilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo kuukuu za ng'ambo ziliingia kwa wingi na viwanda vikadhoofika. Kuilaumu mitumba peke yake hata hivyo si haki, kwa maana usimamizi mbaya nao ulikuwa na sehemu yake. Rivatex kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili kifufuliwe. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua, lakini Marekani ilipotishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru, Kenya ilijitoa mwaka uliofuata. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Marufuku iliyowekwa Kenya Machi 2020 kwa sababu ya korona ilidumu hadi Agosti mwaka huohuo.

Tukirudi sokoni, jambo la kwanza la kueleweka ni belo, ambalo wengine huliita robota. Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45 hivi, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda, na kwa kawaida huwa na aina moja ya nguo: mashati ya wanaume, suruali za kitambaa, jinzi au makoti. Hushushwa katika bandari ya Mombasa, hupitia kwa wauzaji wa jumla, wengi wao wakiwa Gikomba jijini Nairobi, kisha hufika Nakuru na miji midogo. Muuzaji hulinunua likiwa limefungwa. Haruhusiwi kulipasua ili aone alichokilipia. Akikuta mashati yenye kola zilizotafunwa au makoti ya theluji ambayo hakuna wa kuyavaa bondeni, hasara ni yake. Mnunuzi anayemwona muuzaji akikaza bei ya shati moja zuri na akadhani ni uchoyo hajaelewa: shati hilo linawalipia wenzake kumi waliooza.

Belo linapofunguliwa, nguo hupangwa kwa madaraja. Zilizo bora kabisa, ambazo huenda hazijavaliwa zaidi ya mara moja, huitwa kamera. Kamera ya sokoni haipigi picha. Ni jina la chaguo la kwanza, na maana hii haifundishwi darasani. Wachuuzi wengine na wateja wa kudumu hufika mapema kuichukua kabla rundo halijamwagwa chini. Hufuata daraja la pili na la tatu, na bei hushuka kwa kila hatua. Masalio ya mwisho ni fagia, kitenzi kilichogeuzwa nomino bila hata kubadilishwa umbo: nguo zinazouzwa ili turubai libaki tupu. Kwa hiyo bei ya shati hutegemea saa ya kufika mnunuzi kama inavyotegemea shati lenyewe. Mwenye pesa kidogo na muda mwingi hungoja. Mwenye usaili kesho asubuhi hana budi kulipia kamera. Hata anayengoja hana budi kujua mwisho wa kungoja, maana mchagua nazi hupata koroma.

Ukaguzi una utaratibu wake. Shati huanzwa kwenye kola na makwapa, kwa sababu huko ndiko jasho hula kitambaa kwanza. Suruali huinuliwa kuelekea juani ili magoti na makalio yaonyeshe kama nyuzi zimekonda. Koti la sufu hutafutwa matundu ya nondo, na mshono wa bega hutazamwa kuliko wote: kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, lakini bega lisilokaa vizuri halina dawa ya bei nafuu. Kwa kuwa vyumba vya kujaribia ni nadra, kiuno cha suruali kilichofungwa kishikizo huzungushwa shingoni. Ncha zake mbili zikikutana kisogoni bila kuvutwa, suruali itamtosha mvaaji. Kipimo hiki humshangaza mgeni, ila mara nyingi hakikosei. Namba zilizoandikwa ndani zinahitaji hadhari, kwa kuwa koti la namba 50 kutoka bara la Ulaya ni sawa na namba 40 ya Uingereza, na kijana mwembamba aweza kuliacha koti lake akidhani ni la pandikizi la mtu.

Hesabu ya bei haikamiliki kabla ya kufika kwa fundi. Huyu ndiye mshirika wa mitumba anayesahauliwa. Kwa cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu hupunguza kiuno, hupinda miguu ya suruali, hubadilisha zipu, na akiwa stadi hugeuza kola iliyochakaa ili upande wa ndani uwe nje, nalo shati likaongezewa maisha. Mnunuzi mwerevu huuliza bei ya fundi kabla ya kupatana na mchuuzi, akajumlisha. Suti iliyoonekana rahisi sokoni yaweza kuishia kuwa ghali ikihitaji kufumuliwa yote. Fundi huyohuyo hushona kisichopatikana kwa urahisi ndani ya belo, kama vile suti ya Kaunda, vazi ambalo Rais William Ruto alilivaa mara nyingi mwaka 2023 na ambalo Spika wa Bunge la Taifa alilipiga marufuku ukumbini Novemba mwaka huohuo. Kijana anayekwenda kufundisha hana amri hiyo juu yake, na suti ya Kaunda humwondolea gharama ya tai.

Nguo isiyonunuliwa hata kwenye fagia haitupwi yote. Fulana za pamba hukatwakatwa zikawa matambara ya gereji, na makanika wa malori huyatumia kufutia grisi mikononi.