Fremu Kwanza, Jeki Baadaye

Jikoni Pwani kuna mashine ya kukamua iliyo kongwe kuliko karakana zote: kifumbu. Nazi ikishakunwa kwa mbuzi, hutiwa ndani, kifumbu kikasokotwa, tui likatoka. Lakini nguvu ya mikono inayotosha tui haitoshi simsim, maana mafuta yake yamejificha ndani ya punje.

Magarini, huko Kilifi, si mgeni wa simsim. Katika karne ya 19 mashamba ya Malindi na Mambrui, yaliyolimwa na watumwa, yalipeleka simsim na mtama ng'ambo. Hata leo, mkulima anayeuza punje zilivyo humwachia mnunuzi mafuta pamoja na mashudu ambayo yangelisha mifugo yake mwenyewe.

Mashine ndogo inawezekana. Mwaka 1985, Carl Bielenberg alibuni Arusha kinu cha mkono ambamo wenzo mrefu husukuma pistoni nyembamba. Wembamba huo ndio siri yake: nguvu ile ile ikielekezwa mahali padogo, shinikizo hupanda. Nchini Kenya, shirika la ApproTEC liliuza kinu cha aina hiyo kwa jina la Mafuta Mali.

Fundi wa jua kali mwenye jeki ya lori anaweza kuunda chake. Jeki ya tani 20 ikisukuma sahani ya kipenyo cha sentimita 20, kila sentimita ya mraba hupata zaidi ya kilo 60. Ila tani hizo hizo 20 huivuta fremu juu na chini kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye hatari. Wengi huanza na jeki, kisha wakaokota vyuma vilivyobaki. Afadhali kinyume chake: fremu ya chaneli nzito inayohimili mara mbili ya uwezo wa jeki, na boriti zilizofungwa kwa bolti nene, si kwa kuchomelea peke yake. Mshono wa kuchomelea unaweza kung'aa nje huku ndani chuma hakijashikana.

Jeki isimame wima chini na kusukuma juu. Ikivuja, mafuta yake yatashuka sakafuni badala ya kudondokea chakula. Mzigo ukae katikati. Ukianza kupinda, fungua valvu taratibu, upange upya. Usijazie nafasi kwa beringi kuukuu wala chuma cha kusubu, kwani hupasuka na kurusha vipande. Vaa miwani ya kazi. Mkono wa jeki ukiwa mzito, usiurefushe kwa bomba: uzito huo ni onyo. Usipapase mahali panapovuja kwa kidole. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi, na kidonda kinachoonekana kama tundu la sindano ni cha kupelekwa hospitali saa ile ile. Na kwa kuwa karakana ya nyumbani ina watoto wa nyumbani, jeki isiachwe imebana wakati hakuna mtu.

Kabla ya kukamua punje ya kwanza, pima urefu wa fremu, ibane hadi kiwango utakachotumia, legeza, kisha pima tena. Kama haikurudi kipimo chake cha awali, imeshashindwa. Ndugu fundi, usikamue nayo hata kilo moja.