Swali Litangulie Matokeo

Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake, huko Marekani, waliwaketisha wanafunzi wa chuo mbele ya biskuti za chokoleti zilizookwa punde na bakuli la figili. Waliotakiwa kula figili na kuziacha biskuti walipewa fumbo lisilofumbulika, wakalikatia tamaa baada ya dakika 8 hivi. Waliokula biskuti walihangaika nalo karibu dakika 19. Washiriki wote walikuwa 67, lakini wazo kwamba nguvu ya kujizuia huchoka likaenea vitabuni na madarasani. Mwaka 2016 maabara 23 zikalipima upya kwa zoezi jingine, kwa washiriki zaidi ya 2,000, na tofauti iliyoonekana ilikaribia sifuri.

Hapa hakuna haja ya kumshuku mtu kuchakachua data. Mtafiti mwadilifu akishaiona data hukutana na maamuzi mengi madogo: aongeze washiriki kidogo, amwondoe aliyejibu ovyo, aripoti kipimo kimoja kati ya vitatu. Kila uamuzi una sababu yake, ila yote yakijumlishwa huweza kuzaa tofauti isiyokuwapo. Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walilionyesha hilo makusudi: kwa mbinu zilizozoeleka walipata kwamba kusikiliza wimbo mmoja wa Beatles humpunguzia mtu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo kurudia tafiti, japo ni lazima, huja wakati kosa limeshachapishwa. Kinachofaa zaidi ni jarida kuupima mpango, yaani swali, idadi ya washiriki na hesabu zitakazofanywa, na kuahidi kuchapisha kabla data haijakusanywa, matokeo yawe yoyote. Jarida la Cortex lilianza hivyo mwaka 2013. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta nadharia tete ya kwanza ikithibitishwa katika asilimia 96 ya makala za kawaida, na asilimia 44 tu ya zile zilizopimwa mapema.

Wapo wanaosema wanaochagua njia hii hujaribu mawazo yenye mashaka zaidi. Huenda, lakini hilo peke yake halielezi vizuri pengo kubwa hivyo. Wengine wanahofia ugunduzi utafungwa minyororo. Hakuna anayekatazwa kuchunguza asichokipanga, mradi aseme wazi kwamba hakukipanga. Hoja nzito ni ya utamaduni: pengine jaribio likirudiwa hushindwa kwa sababu watu wa mahali pengine ni tofauti. Lakini mwaka 2018 matokeo 28 ya saikolojia yalirudiwa katika nchi na maeneo 36. Takribani nusu yalisimama, na yaliyoanguka yalianguka karibu kila mahali.