Pikapu ya Watoto na Karafuu: Kebini Kubwa au Bodi Ndefu?



Siku hizi maswali yanayotufikia hapa afisini si ya karafuu na makonyo tu. Watu wanauliza magari. Mwanachama mmoja wa upande wa kaskazini ametuandikia ya kuwa amejaaliwa kuweka fedha za kununua pikapu moja, na moja tu. Nyumbani kwake wamo yeye, mkewe, mama yake mzazi ambaye miguu haimsaidii tena, na watoto watano, watatu katika hao wanakwenda skuli. Shamba lake liko mbali na nyumba. Wenzake barazani wamegawika: hawa wamwambia anunue singo kebini apate kuchukua mzigo, na wale wamwambia mtu mwenye watoto hanunui gari ya viti viwili. Sasa ataka tumkate shauri.

Tumeona jibu lake tuliandike hapa, kwani wenye swali hilo ni wengi kuliko walioandika barua.

Kwanza lifahamike jambo hili, ambalo madalali hawalisemi waziwazi. Pikapu za aina moja zenye kebini mbalimbali aghalabu huwa na urefu mmoja. Tuchukue Toyota Hilux, gari ambayo ilianza kuundwa Japani mwaka 1968 na leo twaiona kila njia. Hilux ya toleo lililotoka mwaka 2015 ina urefu wa kiasi cha mita 5.3, iwe singo kebini iwe dabo kebini. Kinachobadilika ni ule ukuta wa nyuma ya viti, umesimamishwa wapi. Katika singo kebini ukuta uko mbele, na bodi yapata kiasi cha mita 2.3. Katika ekstra kebini umerudi nyuma kidogo, na bodi yabaki mita 1.8. Katika dabo kebini umerudi nyuma kabisa, na bodi haizidi sana mita 1.5. Basi mtu asidhani ya kuwa dabo kebini ni gari kubwa zaidi. Ni gari ile ile, ila watoto wamepewa sehemu ya magunia.

Na uzito ni vivyo hivyo. Gari hizi zimekusudiwa kuchukua kiasi cha tani moja, dabo kebini ikipungua kidogo, na katika tani hiyo watu wamo. Watu wazima watano wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 325. Tukikadiria dabo kebini inayoruhusiwa kilo 925, ikijaa watu zabaki kilo 600, yaani gunia 12 za kilo 50, kama bodi fupi itazipokea. Tena bodi ile fupi sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli. Ukiyapanga magunia yote mazito mlangoni, gari huinua pua, na usukani huwa mwepesi wakati usiotakiwa kuwa mwepesi. Mzigo mzito uanze ubavuni mwa kebini.

Sasa tuje kwenye karafuu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapohesabu vibaya. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama thuluthi ya uzito wake. Mtu anayechuma kilo 300 akazipakia mbichi mpaka nyumbani, kilo 200 katika hizo ni maji na amezilipia petroli. Kwa hiyo kabla hujauliza bodi ya mita ngapi, jiulize unaanika wapi. Mwenye sakafu au majamvi yake karibu na shamba huchukua karafuu kavu, na karafuu kavu ina subira: leo utachukua nusu, kesho nusu. Mwenye kuanika nyumbani hana nafasi hiyo. Mbichi ikikaa ndani ya magunia ikapata joto na uvuke, huharibika, ikatoka nyeupe iliyokunjamana, na bei yake waijua. Huyo ana haki ya kutaka bodi ndefu. Twajua watakaosema ya kuwa kuanika shambani kwataka mlinzi wa usiku. Ni kweli, lakini ujira wa mlinzi wa wiki chache si sawa na thamani ya gari.

Bodi ndefu ina fadhila nyingine ambazo hazimo katika hesabu ya karafuu, na sisi hatuzidharau. Mwenye pikapu kijijini huwa ni mwenye pikapu ya kijiji. Usiku mtu akishikwa na uchungu wa uzazi, au mgonjwa asiyeweza kuketi, mlango utakaogongwa ni wako. Mgonjwa hulazwa juu ya godoro katika bodi ya mita 2.3 akanyoka. Katika bodi ya mita 1.5 hukunjwa, au mlango wa nyuma hufunguliwa na miguu ikatoka nje. Dabo kebini nayo ina jibu lake, kwani mgonjwa anayeweza kuketi hukaa ndani, mvua isimpate. Jeneza, hata hivyo, halikai kitini. Bati la futi 10, ambalo ni kama mita 3, halienei katika yoyote ya tatu hizi, ila katika singo kebini hutokeza kidogo tu, na katika dabo kebini nusu yake huning'inia nje.

Yote hayo twayakubali. Lakini kuna jambo moja lililo zito kuliko yote, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya kabla ya mavuno wala si baada yake. Pikapu ya viti viwili ikinunuliwa na mtu mwenye watoto watano, watoto watakwenda wapi? Watakwenda nyuma. Sote twajua. Asubuhi watapelekwa skuli wakiwa wamesimama wameshika chuma cha kebini, na jioni watarudi juu ya magunia. Njia zetu za Pemba zapanda vilima na kushuka mabonde, zina kona zisizoonesha kinachokuja, na wakati wa vuli zinateleza. Mtoto aliyeketi juu ya gunia hana cha kushika ila gunia lenyewe, na gunia nalo halikushikwa na kitu. Gari ikifunga breki ghafula, vyote viwili huenda pamoja.

Mtu atasema, mbona sisi tumekuzwa hivyo, na wachumaji wanaokwenda dago hupandishwa nyuma kila msimu? Ndivyo, na kila msimu twasikia khabari za walioanguka. Kuzoea jambo hakulipunguzii urefu wa kuanguka. Wachumaji nao ni watoto wa watu. Apasaye kuwachukua awakodie gari yenye viti, au awapeleke kwanza kwa safari yao, na magunia yaje kwa safari yake.

Kwa hiyo shauri letu kwa ndugu yetu wa kaskazini ni hili. Asihesabu watu wa nyumba, ahesabu watu wa safari. Nyumba yake ina watu wanane, na dabo kebini ina mikanda ya watano. Wanane hawaingii, na asijaribu. Lakini safari yake ya kila siku ni yeye na watoto watatu wa skuli, na siku ya hospitali ni yeye, mkewe na mama. Safari zote mbili zaingia ndani ya dabo kebini, milango imefungwa. Karafuu ni ya miezi michache, na watoto ni wa mwaka mzima. Anunue dabo kebini, aanike shambani, na siku za wingi aende mara mbili.

Ekstra kebini twaiona kuwa ni ya mtu mwingine. Ile nafasi ya nyuma ya viti hufaa vikapu, zana, na mtoto mmoja au wawili kwa safari fupi, iwapo gari ina mikanda huko. Nyingine hazina, basi atazame kabla ya kulipa. Mama mwenye magoti mabovu haingii humo, na akiingia hatoki. Ni gari njema kwa mume na mke ambao watoto wao wamekwisha kuoa. Singo kebini tunamshauri mwenye shamba kubwa ambaye jamaa yake wana usafiri mwingine, hata kama ni daladala. Huyo asione haya kwa kukosa viti, bodi yake itamlipa.

Wako pia wanachama ambao shamba lao ni dogo na fedha ni kidogo, wanaitazama Suzuki Carry, ile ambayo wengine huiita kirikuu. Wasidharauliwe. Zile zilizoundwa kwa sheria ya gari ndogo ya Japani, ambayo tangu mwaka 1998 yataka urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48 na injini isiyozidi cc 660, zina bodi ya kiasi cha mita 1.9. Yaani bodi yake ni ndefu kuliko ya dabo kebini! Tena hugeuka katika njia za mashambani ambako Hilux hurudi kinyumenyume. Lakini mzigo wake ni kilo 350, gunia saba za kilo 50, na watu ni wawili mbele. Anayeipakia gunia 15 akapanda nayo kilima asilaumu breki.

Yamebaki machache. Turubai linunuliwe siku ile ile ya gari, kwani karafuu iliyokaushwa kwa siku nne huloweshwa kwa robo saa. Petroli, mafuta ya taa na samaki visichukuliwe pamoja na karafuu. Karafuu ina harufu yake na haitaki mwenzake. Komeo la mlango wa nyuma litazamwe, hasa katika gari iliyotumika, kwa kufunga na kuutikisa kwa nguvu, maana wakati wa kupanda mzigo wote huegemea hapo. Na kabla ya kununua, mtu apime kwa macho yake. Achore chini mraba wa bodi anayoitaka, apange magunia yake ndani, kisha aone.

Kwa ajili hiyo tumeweka hapa afisini kamba yenye mafundo matatu, la mita 1.5, la 1.8 na la 2.3. Mwanachama yeyote aweza kuiazima kwa siku mbili baada ya kuandikisha jina lake katika daftari. Tafadhali asifungie mbuzi.