Kabla Hujatoboa Boneti ya Gari Kuukuu

Mtu wa pwani akiingia Industrial Area ya Nairobi huona majina ya kwao kila kona. Kuna Lunga Lunga Road, Likoni Road, Changamwe Road, hata Dar es Salaam Road. Kilichokosekana ni bahari tu. Badala yake kuna malori, viwanda na mafundi wa kila aina, wenye vibanda na wanaofanya kazi chini ya mti.

Mwezi uliopita nilikuwa huko na mpwa wangu anayeishi Makadara. Yeye ndiye anayetumia gari la marehemu baba yangu, Toyota DX la miaka ya 80, injini ya kabureta. Alilalamika kuwa gari limekuwa zito, hasa mchana baada ya kukaa kwenye foleni ya Jogoo Road. Fundi alishampa dawa: boneti itobolewe, iwekwe skupu, yaani lile tundu lililoinuka juu ya boneti kama mdomo ulioachama, liingize hewa baridi. Nilipofika, mstari wa chaki ulikuwa umeshachorwa na mashine ya kukatia bati imeshachomekwa.

"Mjomba, Subaru zote kali si zinayo?" mpwa wangu akaniuliza.

Nikamwomba fundi atupe siku moja. Boneti ile baba aliipangusa kila Ijumaa asubuhi, na bati likishakatwa halirudi. Lakini sikutaka kukataa kwa mapenzi tu. Mimi nina diploma ya mitambo, japo kazi yangu siku hizi ni kalamu, na najua wazo la fundi lina ukweli ndani yake.

Ukweli wenyewe ni huu. Injini huchoma petroli kwa hewa, na hewa ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi. Kila mvuto wa pistoni unaingiza hewa pungufu, na nguvu inapungua. Katika magari mengi ya zamani, chujio la hewa limekaa juu ya kabureta katikati ya injini, likivuta hewa ambayo imeshapashwa na redieta na ekzosi. Kwa hiyo kuitafutia injini hewa ya nje ni jambo la maana. Swali ni kama lazima ukate boneti.

Tukaazima mita ya umeme yenye waya wa kupimia joto, tukaufunga waya kwenye mdomo wa chujio. Nje kulikuwa na nyuzi 26. Kwenye foleni, mdomo wa chujio ulisoma nyuzi 58. Ukipiga hesabu, hewa ya nyuzi 58 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya nyuzi 26. Mpwa wangu hakuwa anaota. Gari lilikuwa linanyimwa pumzi.

Nairobi yenyewe nayo inaongeza shida. Mji uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa karibu asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Gari lililopanda kutoka kwetu litaonekana zito hata likiwa zima. Wengi hudhani skupu itasukuma hewa kwa nguvu na kufidia pengo hilo. Haiwezi. Ukienda kilomita 100 kwa saa, upepo unaogonga mdomo wa skupu huongeza mgandamizo usiofika nusu asilimia. Kwenye foleni hauongezi kitu. Faida ya skupu ni ubaridi wa hewa, si msukumo.

Na zile Subaru? Skupu ya Impreza WRX kwa kawaida hailishi injini hewa ya kuvuta. Inapuliza upepo juu ya kipozeo kilicholala juu ya injini, ambacho kazi yake ni kupoza hewa iliyopashwa moto na tabo. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, tundu lile la boneti lilikuwa na kazi yake maalumu. DX haina tabo wala kipozeo. Ukiiga umbo bila kuiga kazi, umenunua pambo.

Kuna na mengine ya kujua kabla ya kukata. Upepo haukai sawa juu ya boneti. Sehemu ya mbele na katikati upepo huelekea kunyanyuka na kuliacha bati, ndiyo maana skupu fupi iliyowekwa hapo haipati kitu cha maana. Hewa hujibana zaidi chini ya kioo cha mbele. Tena skupu isiyofungwa kwa mpira hadi kwenye chujio inamwaga hewa yake ndani ya joto lile lile. Chini ya boneti kuna mbavu zinazoipa nguvu, usizikate. Na sisi wa pwani tunaijua chumvi: ukingo wa bati uliokatwa bila kupakwa rangi ya msingi huanza kutu haraka. Mvua ya masika nayo itahitaji njia ya kutokea, la sivyo inaingia kwenye chujio.

Tulichofanya sisi ni rahisi. Tulinunua paipu la kukunjika la inchi 3, tukaliunganisha na mdomo wa chujio, upande wa pili tukaufunga nyuma ya grili, kando ya redieta na si nyuma yake, maana nyuma yake hewa imeshapata moto. Tuliuweka juu, mbali na maji ya barabarani. Injini ikivuta maji, konrodi hupinda, na hapo hasara yake ni kubwa kuliko bei ya gari.

Kwenye foleni ile ile, mita ilisoma nyuzi 35. Paipu na klipu zilitugharimu shilingi 1,400. Kazi ya boneti pamoja na rangi tulikuwa tumetajiwa 18,000. Baada ya wiki mpwa wangu alifungua plagi kuangalia kama zimekuwa nyeupe, dalili ya petroli kuwa kidogo kwa hewa iliyoongezeka. Zilikuwa za kahawia, sawa kabisa.

Gari halikugeuka Subaru. Linapanda vizuri zaidi, basi. Na kama shida yako ni maji ya redieta kuchemka, paipu wala skupu si dawa. Angalia feni, pampu ya maji na thamostati, wala usikubali fundi aitoe thamostati akatupa.

Yule fundi hakukasirika. Aliufuta mstari wa chaki kwa kiganja, akaomba kuiona ile mita, akauliza inauzwa wapi. Mpwa wangu bado anaitamani skupu. Nimemwambia akinunua gari lake mwenyewe, inshallah, boneti itakuwa yake kuikata.