Mbwa wa Zizi: Maradhi ya Ini Yatokanayo na Kinga ya Mwili

Msafiri atokaye Babati mjini akashika barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma hulipita ziwa la Babati lenye viboko wake, na kabla mlima Kwaraa haujapotea machoni mwake hujikuta yu Bonga, kata ya wakulima wa mahindi na mbaazi, na ya wafugaji pia, ambako Wagorowa na Wairaqw wamekaa pamoja na watu wa makabila mengine waliofuata rutuba ya ardhi. Hapa, kama ilivyo kila mahali panapofugwa, hakuna asiyeijua kazi ya mbwa wa zizi. Usiku kucha hulala jicho moja, humnusa kila apitaye, humjua mwenyeji na humjua fisi, na ndama wa humo ndani hamgusi. Mfano huo nimeuchagua kwa makusudi, kwani maradhi ninayotaka kuyaeleza ni ya mbwa huyo alipoacha kumtambua ndama wa nyumbani, akaanza kumla taratibu, usiku baada ya usiku, wenyewe wasijue.

Ndama ni ini. Wahenga wetu hawakulidharau: mtu aliyepatwa na uchungu usiosemeka walisema amekatwa maini, na shauri lililoharibika walisema limetumbukia nyongo, na hiyo nyongo hutoka katika ini. Kiungo hiki, ambacho kwa mtu mzima hukaribia kilo moja na nusu, kimejificha chini ya mbavu za kulia, nacho huweka akiba ya sukari, hutengeneza vitu vinavyogandisha damu jeraha linapotokea, huvunja sumu na dawa tunazomeza, na kuiondoa mwilini rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizokwisha muda wake. Ini likilemewa, rangi hiyo hubaki katika damu, ikajitokeza kwanza katika weupe wa macho. Hiyo si homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine kabisa yaletwayo na mbu, ingawa mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na kuchanganywa kwake kumewapoteza wagonjwa wengi.

Sababu za kuugua ini ni nyingi. Kuna virusi, hasa vile viitwavyo B, ambavyo watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa dhidi yake tangu mwaka 2002. Kuna pombe. Kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, ambayo mwaka 2016 iliingia katika vyakula vya watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, wakaandikwa wagonjwa 68, na takriban 3 katika kila 10 wakafariki. Msiba huo uliugusa mkoa wetu wenyewe wa Manyara, nao ungestahili makala yake peke yake. Lakini yupo mgonjwa ambaye hana virusi, hajapata kuionja pombe, na ghala lake ni kavu na safi, ilhali ini lake linateketea. Huyu ndiye ambaye kinga ya mwili wake, iliyowekwa ili ipambane na wadudu wa maradhi, imelishambulia ini lake yeye mwenyewe.

Maradhi haya, yaani homa ya ini ya kinga, huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na huweza kuanza utotoni, ujanani au uzeeni. Mara nyingine huja kwa kishindo, macho yakawa manjano kwa siku chache na mgonjwa akawa taabani. Mara nyingine huja kwa unyemelezi, kwa uchovu usioisha hata baada ya usingizi, maumivu ya viungo, na kwa wasichana kukatika kwa hedhi, hata siku tumbo likijaa maji ndipo hujulikana kwamba ini limekwisha kuwa kovu tupu. Wako pia ndugu wawili wa maradhi haya ambao badala ya kula nyama ya ini hula vijifereji vya nyongo, mmoja wao akijulisha kuja kwake kwa muwasho wa ngozi usiotulizwa na mafuta wala sabuni. Hao nawataja tu na kupita.

Elimu ya jambo hili si ya zamani sana. Ilikuwa mwaka 1950 ndipo tabibu Jan Waldenström wa Uswidi alipoeleza habari za wanawake vijana waliougua ini kwa namna hii, na mwaka 1956 huko Melbourne Ian Mackay na wenzake wakayahusisha maradhi haya na uasi wa kinga ya mwili. Lakini jambo ambalo mimi huliona kubwa kupita yote lilitokea London, katika hospitali ya Royal Free, alipokuwako mwanamke yule mashuhuri wa elimu ya ini, Sheila Sherlock. Yeye na wenzake waliwagawa wagonjwa 49 mafungu mawili, fungu moja wakalipa vidonge vya prednisoloni na la pili wasilipe, na hesabu waliyoitangaza mwaka 1971 ilikuwa hii: kati ya 22 waliomeza vidonge walikufa 3, na kati ya 27 wasiomeza walikufa 15. Prednisoloni si dawa ya matajiri. Ni kidonge kidogo ambacho wagonjwa wa pumu wa Babati wanakifahamu, na mwenziwe azathioprini, anayeongezwa ili kipimo cha prednisoloni kipunguzwe, naye si wa anasa. Mbwa hufungwa kamba, ndama akapona majeraha yake. Shida ni kwamba prednisoloni huuvimbisha uso, hupandisha sukari na kuidhoofisha mifupa, na binti akijiona kwenye kioo uso umekuwa wa duara huacha dawa bila kumwambia mtu. Na aghalabu mwenye kuacha ghafula maradhi humrudia.

Watu wa Afrika Mashariki nao wameingia katika vitabu vya maradhi haya, tena kwa njia ya ajabu. Mwaka 2005 matabibu wa London waliandika juu ya vijana wanaume wa Kisomali waliougua homa ya ini ya kinga kwa namna isiyo ya kawaida, maana tumekwisha kusema kwamba maradhi haya huwaelekea zaidi wanawake. Na mwaka 2010 wengine wa mji huohuo wakaeleza habari za wagonjwa wachache, wengi wao wenye asili ya pande zetu hizi, waliokuwa wakitafuna mirungi na ambao ini lilidhurika vibaya mno. Mirungi imekatazwa na sheria ya Tanzania, na Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014, lakini majani hayajui mipaka, na dereva wa usiku atakaye kukesha huyapata. Mwenye kuyatafuna na akaona macho yanageuka rangi, amwambie tabibu wazi pasipo kuona haya. Tabibu si polisi.

Sasa tumfikirie mgonjwa wa Bonga. Akianza kuwa manjano, wa kwanza kusema ni jirani. Mmoja atasema ni bandama, wa pili atasema karogwa, wa tatu atampa mizizi ya kuchemsha, na mizizi hiyo huenda ikawa mzigo mwingine kwa ini lililokwisha kulemewa. Akifika hospitali na kuambiwa kwamba ni ini, wako watakaomtuhumu pombe hata kama ni mcha Mungu asiyeijua harufu yake, na wako watakaomtengea sahani na kikombe wakidhani ataambukiza. Maradhi haya hayaambukizi kwa chakula, wala kwa kitanda, wala kwa ndoa. Kuyatambua kwahitaji kupimwa damu ili zionekane kingamwili zilizoasi, na mara nyingi kuchukuliwa kinyama kidogo cha ini kwa sindano kitazamwe kwa hadubini. Na kwa kuwa mambo hayo hayapatikani katika zahanati, njia ya mgonjwa hupanda kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa, Babati, hadi KCMC kule Moshi, au Dodoma, au Muhimbili.

Ikiwa amechelewa mno, au dawa zimeshindwa, hubaki kupandikizwa ini. Tabibu Thomas Starzl alijaribu kwanza huko Denver mwaka 1963, na mgonjwa wake, mtoto mdogo, akafa mezani kwa kutokwa na damu. Hakukata tamaa, na mwaka 1967 akapata wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka. Kilichoifanya kazi hii iwe ya kutumainiwa si kisu bali dawa za kumzuia mbwa asimrarue ndama mgeni: kwanza siklosporini, kisha takrolimusi, iliyogunduliwa mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, Ujapani. Mwaka 1989, huko Brisbane, mama aliweza kumpa mwanawe kipande cha ini lake wote wawili wakaishi, kwani ini, tofauti na figo, likikatwa hukua tena. Hapa kwetu figo zimeanza kupandikizwa, Muhimbili tangu Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2018. Ama ini, Mtanzania alihitajiye aghalabu husafiri hadi India, akifuatana na ndugu wa damu anayelingana naye kundi la damu.

Wengi hudhani kwamba aliyerudi kutoka India amepona, wakamchinjia mbuzi na kumsahau. Kumbe ndio kwanza amefunga ahadi ya maisha. Takrolimusi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na hapa naona kwamba lugha yetu imemsaidia mgonjwa: saa moja asubuhi na saa moja jioni. Bonga iko karibu na mstari wa ikweta, jua lake huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, hata asiye na saa ya mkononi akaweza kuitunza ahadi hiyo. Siku ya kupima kiwango cha dawa katika damu asimeze cha asubuhi mpaka damu ichukuliwe. Asile balungi, maana tunda hilo huipandisha dawa ikamdhuru figo. Akiugua kifua kikuu, tabibu akumbuke kwamba rifampisini huishusha takrolimusi hata ikawa kama hakuna, na ini likakataliwa wakati kifua kinatibiwa.

Fauka ya hayo, mbwa aliyefungwa hamzuii fisi. Kwa hiyo mtu huyu asinywe maziwa mabichi hata kama ndiyo desturi ya nyumba, alale ndani ya chandarua, asidharau homa hata ya siku moja, na asichanjwe chanjo za vijidudu hai, ikiwamo ya homa ya manjano, pasipo ruhusa ya wanaomtibu. Mwanamke aweza kuzaa, lakini asubiri mwaka mmoja hivi na kwanza abadilishiwe dawa zinazomdhuru mtoto tumboni. Na kwa baadhi yao maradhi yaleyale hulirudia ini jipya, ndiyo maana wengi huendelea na prednisoloni kidogo. Hata hivyo, wengi wa waliopandikizwa kwa sababu ya maradhi haya huwa hai baada ya miaka mitano, wakilima, wakifundisha, wakilea. Wanachokihitaji ni dawa isiyokatika hata siku moja, na katika hilo jamaa na majirani wanaochanga kwa ajili ya safari wangefanya vyema kuweka nusu ya mchango kwa ajili ya miaka itakayofuata.

Lakini kwa mtu wa Bonga tumaini lililo karibu si India. Li katika kile kidonge cha mwaka 1971, kikitolewa kabla ini halijawa kovu. Basi, ewe msomaji, macho ya mtu wa nyumbani mwako yakigeuka manjano, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Na vipimo vya virusi vya B na C vikirudi safi, usiinuke kitini. Muulize tabibu, kwa adabu, kama kinga ya mwili imechunguzwa.