Pano zinaiva juu ya malata: tusome garanti mbele ya kulipa



Mwaka jana, mwezi wa kumi, mbele ya mvua kukolea, koperative moja ya mboga hapa karibu na Kamina ilituita. Pompe yao ilikuwa inachoka saa sita mchana, saa ile kabichi zinataka maji zaidi. Kati ya pano sita walizonunua kwa mavuno mawili, moja ilipasuka kioo, ingine ilikuwa na madoa ya kahawia mgongoni. Garanti iliandikwa miaka 25. Bamama wa komite hawakuwa na wasiwasi: "Tutabadilishiwa."

Muuzaji aliangalia foto, akaonyesha matundu mawili kwenye fremu. "Hii haitoke ku fabriki, ni ninyi wenyewe mulitoboa." Ni kweli, fundi alitoboa sababu bulongi hazikuingia. Na sisi, tuliokuwa pale siku ya kupokea mali, tuliacha karatasi itiwe sahihi bila kufungua kartoni. Nusu ya kosa ni yetu.

Tangu siku ile tunasoma garanti polepole. Kwanza, ziko mbili, na watu wanazichanganya. Moja ni ya pano yenyewe, kioo, fremu, waya: mara nyingi miaka 10 mpaka 15. Ile ya miaka 25 ni ya nguvu tu. Inasema, kwa mfano, mwaka wa kwanza pano isipoteze zaidi ya asilimia 2, kisha kama nusu asilimia kila mwaka. Kioo kikipasuka mwaka wa 20, ile haikusaidii.

Tena, nguvu hiyo inapimwa kwenye maabara, pano ikiwa na digrii 25. Nani kwetu amekwisha kuona pano ya digrii 25 saa sita? Hewa ikiwa 33, pano yenye upepo chini yake inafika karibu 64. Ikilazwa juu ya malata moja kwa moja, inapita hapo. Pano ya wati 400 inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila digrii inabaki na wati kama 345. Voti nazo zinashuka, na pompe inakohoa. Ukienda kulalamika kwa hiyo, hawatakulipa kitu: kwa karatasi yao, pano ni nzima.

Kwa hiyo mukienda kununua, muulize karatasi ya ufundi na mutafute koefisienti ya joto. Za zamani ziko karibu na 0.40. Zile zinazoitwa TOPCon ziko karibu na 0.30, na HJT karibu na 0.25. Namba ikiwa ndogo, joto linakula kidogo. Lakini tuseme wazi: kati ya 0.35 na 0.30, tofauti kwenye ile pano ya wati 400 ni kama wati 8 tu saa ya joto kali. Bei ikipanda sana, afadhali pesa hiyo inunue vyuma vya kuinua pano juu ya malata, upana wa kiganja au zaidi.

Sokoni kuna uongo mwingine. Pano nzuri ya leo inatoa wati 200 mpaka 230 kwa metre moja ya mraba. Wakikuonyesha kapano ka nusu metre kameandikwa 300, rudisha pesa mfukoni.

Mambo mengine yanayoua garanti: etiketi ya namba kubanduka, kukanyaga pano, kumwaga maji baridi juu ya kioo kilichochemka, radi. Na radi kwetu si mchezo, hivyo waya wa udongo usisahauliwe. Muulize pia nani analipa usafiri wa pano mbovu kurudi Lubumbashi, maana fabriki nyingi hazilipi, na garanti ya kampuni ya ng'ambo isiyo na mtu hapa nchini ni karatasi tu. Fakture iandikwe jina la koperative, si la prezida.

Ile koperative imeinua pano nne zilizobaki, na pompe sasa inavuta mpaka saa tisa. Mbili mpya zinakuja na gari moshi. Kartoni zitafunguliwa palepale stesheni, mbele ya komite, na sekretere atapiga foto ya kila namba mbele ya mkokoteni kuondoka.